Neno Walilompa Mama Yangu

Mama yangu mzazi alifariki zamani, nikiwa bado nafundisha. Mama niliye naye sasa yuko darasa la pili, hana meno mawili ya mbele, na kamba za viatu bado anafungiwa. Binti yangu alipojifungua alimpa mtoto jina la mama yangu, na kwetu Wabondei aliyerithi jina amerithi na cheo. Basi tangu yuko kwenye mbeleko mimi namwita mama. Alipojua kusema akaniita mwanangu, na kwa kuwa babu na mjukuu ni watani, watu wenye ruhusa ya kusemana ovyo bila kukasirikiana, alikitumia cheo chake kunigombeza kutwa nzima.

"Wewe mtoto, umeshika chakula hujanawa!" "Wewe mtoto, punguza hiyo redio, unataka kuniua?" Namwomba radhi, ananisamehe kwa masharti, na mke wangu huko jikoni anacheka mpaka anakohoa. Mtoto tunamlea sisi hapa Nguvumali, maana binti yangu anafanya kazi Dar es Salaam na huja mara moja moja.

Mimi mwenyewe si mtu mpole, niseme mapema. Nilifundisha Kiingereza sekondari maisha yangu yote ya kazi, na wanafunzi wangu wa zamani, watu wazima wenye vitambi, wakinikuta sokoni Ngamiani bado wanaficha mikono nyuma. Nina hasira za karibu na ulimi mrefu. Sina shamba la maana, sina nyumba ya kupangisha, lakini ulimi nilikuwa nao.

Kiharusi kikanikuta nanyoa ndevu. Wembe ulianguka, nikainama kuuokota, nikabaki huko huko chini. Mke wangu alinikuta sakafuni, uso umeteremka upande wa kushoto, nataka kumwambia asiite watu na maneno hayatoki. Hospitali walinirudishia maneno kidogo kidogo. Mkono na mguu wa kushoto walisema vitarudi kwa mazoezi, nikipenda. Hapo pa kupenda ndipo penye kazi. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti cha kibarazani, na kusema kweli sikupenda kitu chochote.

Wageni walikuja, Mungu awalipe, lakini waliniua kwa huruma. Wanaingia wakinyata. Wananishika mkono ule mbovu kwa vidole viwili. "Pole mzee, mshukuru Mungu mzee," kisha wanamgeukia mke wangu wanamuuliza habari zangu mbele yangu, kana kwamba mimi ni kabati. Nilitamani mmoja wao anikosee adabu nipate sababu ya kuinuka.

Aliyenikosea adabu alikuwa mama. Siku ya kwanza tu aliporudi kutoka shuleni akanikuta nimesinzia alinipigia kelele sikioni. "Wewe mtoto! Nimekuzaa uje kulala saa hizi? Wenzako wako wapi?" Kule hospitali waliniambia nifinye kitu laini kwa mkono wa kushoto, na mke wangu akiwa anakanda unga wa chapati alinikatia donge. Mama alisimama kashika kiuno. "Kanda! Unalipapasa kama mtu anayetafuta miwani!" Nikawa nakanda kwa hasira. Jioni ananitoa kibarazani, mimi na mkongojo wangu mbele, yeye nyuma. "Konokono amekupita huyo! Aibu gani hii unanitia mbele ya majirani?" Nacheka, nayumba, naenda. Kwa matusi ya mtoto yule nilifika kwanza mlango wa ua, halafu kwenye ua wa jirani, halafu dukani pembeni. Daktari alisema naendelea vizuri, akataka kujua natumia dawa gani.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Siku moja mama alirudi shuleni, akavua viatu, akavipanga sawa ukutani. Hilo lenyewe lilinitisha. Akaja mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo babu."

Nilidhani ni mchezo mpya. "Marahaba. Umekula nini leo, mama?"

"Nimekula makande, babu."

Babu! Tangu alipojua kusema hakuwahi kuniita babu. Nikamtupia maneno ya kumchokoza, nikamwambia huyu mama gani anakula makande bila kumletea mwanawe. Akaenda kuoga bila kuambiwa. Alasiri ile nilitoka peke yangu kibarazani, nikafika mlango wa ua, nikageuka, maana hapakuwa na mtu nyuma yangu wa kuniambia niendelee.

Kabla ya chakula alinijia tena, akakaa kwenye mkeka kwa heshima zote. "Babu, naughty maana yake nini?"

Lo! Nilifurahi, sifichi. Tangu niugue hakuna aliyekuwa ameniuliza swali la kazi yangu. Sikumuuliza kalitoa wapi, nilidhani ni somo. Nikajiweka sawa kwenye kiti nikamfundisha kama ninavyofundisha mimi, kutoka mizizini. Nikamwambia neno hilo limezaliwa na neno jingine la Kiingereza cha kale lenye maana ya sifuri, hakuna, si kitu. Hapo mwanzo mtu naughty alikuwa maskini tu, asiye na kitu mkononi. Hakuwa na kosa lolote. Halafu watu, kama walivyo watu, wakaanza kumtazama yule asiye na kitu kwa jicho baya, na neno likabadilika likawa la mtu mwovu, mtu wa kuogopwa, mwenye mwenendo uliooza. Tena halikuishia kwa watu. Waingereza wa kale waliita hivyo hata matunda. Tini zilizoharibika, zisizolika, ziliitwa naughty. Karne na karne zikapita, neno likazeeka, makali yakaisha, ndipo likaachiwa watoto. Mtoto anayechungulia sufuria, mtoto anayemvuta paka mkia, basi. Baadaye wakubwa walilichukua tena kwa mambo yao ya kikubwa, lakini hayo sikumwambia.

Nilikuwa nimefika kwenye utamu wa somo. Nikamwonyesha kwamba hata sisi Waswahili tumepita njia hiyo hiyo, tunamwambia mtu "huna lolote" bila kujali tunamtukana kwa umaskini wake au kwa tabia yake, mradi aumie. Macho ya mama yalikuwa kwenye mkeka.

"Tini ni nini?" aliuliza.

"Ni tunda."

"Likioza linatupwa?"

"Likioza linatupwa, ndiyo."

"Ahsante babu," akasema, akainuka.

Siku zilizofuata tulikuwa na mtoto mzuri ajabu. Anasalimia. Anakunja nguo. Akisemeshwa anajibu neno moja, tena kwa sauti ya kanisani. Majirani wakamsifu mke wangu kwa malezi. Na mimi nikaanza kurudi nyuma. Sikukusudia, lakini asubuhi naona kiti kiko mbali. Donge la unga nikalirudisha jikoni. Nikawa nakaa nikitazama ua, na mguu ule wa kushoto, uliokuwa umeanza kunisikia, ukaacha tena kunisikia. Niliogopa. Nilijua kabisa kwamba mtoto yule akiendelea kuniheshimu hivyo, nisingeinuka tena.

Mke wangu ndiye aliyeipata habari, wakati akimsuka. Mtoto akisukwa hana pa kukimbilia, kichwa kiko mapajani. Akaja kunisimulia, na kitana bado kiko mkononi.

Siku ile darasani alikuja mgeni, mzee wa mvi, mkaguzi kutoka ofisi za elimu. Watoto wakasimama, wakaimba salamu yao ya Kiingereza. Mgeni akapita katikati ya madawati, akafika kwa mama, na mama akaona kwamba mzee yule amefunga vifungo vya shati kombo, upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka. Kwake yeye mzee wa mvi ni mzee wa mvi, mwanawe kama mimi. Akashika kiuno. "Wewe mtoto! Umetokaje nyumbani hivyo? Hukuniona nikuvalishe? Hebu njoo hapa!" Tena akanyoosha mkono aanze kumfungua vifungo. Darasa zima likaangua kicheko. Mgeni hakucheka. Mwalimu, binti mdogo tu, akamvuta mama hadi mbele, akamsimamisha ukutani mpaka kipindi kikaisha, na mbele ya wote akamwambia kwa Kiingereza kwamba yeye ni naughty, naughty sana, na watoto wakalirudia neno hilo hadi kwenye mchezo.

"Akaja kwako umwambie maana yake," mke wangu alisema. "Badala ya kumfuta machozi, umemwambia yeye ni tunda bovu la kutupwa."

"Sikusema hivyo! Nilimweleza historia ya neno!"

"Ana miaka saba, mzee."

Nilijua nimekosa. Lakini hasira yangu, mnaijua tena, haikai mahali pake, ikahamia kwa yule mwalimu. Mtu ana shahada, anampachika mtoto neno asilolijua lilikotoka! Kesho yake nilivaa suruali ya kitambaa, mke wangu akanifunga mkanda huku akinisihi nisiende kutukana watu, nikapanda bajaji. Dereva alikuwa ananiendesha polepole kama kabeba mayai. Nikamwambia aache upuuzi, akanyage.

Shule ya mama iko karibu na barabara, madarasa yamepakwa rangi ya njano, uwanja umefagiliwa. Yule mwalimu alitoka kunipokea akiwa na chaki vidoleni. Kabinti kembamba, sketi ndefu, macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Shikamoo babu. Karibu sana. Pole kwa kuumwa." Akaniletea kiti chini ya ukuta wenye kivuli. Nikamwambia amwite na mtoto, asikie mwenyewe. Mama akaja, akasimama kando, kashika ncha ya sweta lake.

Nikaanza. Nilimuuliza mwalimu kama analijua neno alilolitumia. "Ndiyo babu. Ni mtoto mtundu."

"Mtundu!" nikasema. "Mtundu kwetu ni sifa, binti yangu. Fundi redio ni mtundu. Mtoto anayejiundia gari kwa makopo na kandambili ni mtundu, na baba yake anamwita mgeni aje kuliona. Hilo lako limetoka kwenye sifuri, limepita kwenye umaskini, limepita kwenye uovu!" Nikammwagia somo lote, karne kwa karne, nikipiga mkongojo chini. Na yeye je? Mikono mbele, kichwa chini. "Ndiyo babu. Samahani babu. Nimekosa babu." Ebo! Utagombanaje na mtu wa namna hiyo? Ilikuwa kama kupiga godoro. Kila nilivyokaza sauti ndivyo alivyozidi kuniheshimu, na nilipomtazama mama nikamwona naye kichwa chini vile vile, mwalimu na mwanafunzi wamefanana.

Nikachoka. Nikamuuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kwa nini alifanya vile.

"Niliogopa, babu," akasema. "Bado niko kwenye majaribio, sijathibitishwa kazini. Yule mkaguzi alikuja kunitazama mimi. Watoto walipocheka nikajua basi, kazi imekwisha. Hata chaki iliniponyoka."

Nilimwamini. Nikaona aibu kidogo kumpigia mkongojo. Kwa kutafuta la kusema nikamuuliza kwao wapi.

"Kwetu Tabora, babu. Ila nimezaliwa huku huku, kambi za mkonge njia ya Muheza. Babu yangu alikuja kukata mkonge, hakurudi."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi, babu."

Nikamtazama. Akanitazama. Naona na yeye alikuwa anajiuliza.

"Mimi Mbondei," nikasema.

Kwa asiyejua: Wanyamwezi na Wabondei ni watani. Wazee wao walishuka pwani na mizigo kichwani, wazee wetu wakawapokea, wakapigana, wakazikana, mwisho wakakubaliana kutaniana badala ya kuumizana. Mtani unamwita mtumwa wako, unamchukulia kofia, kwenye msiba wenu anakuja kucheka wakati nyie mnalia, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa, unalipa faini. Heshima ya shikamoo haifi, lakini inawekwa pembeni kwa muda, kama viatu mlangoni.

"Ala!" nikasema kwa sauti ya juu. "Saa nzima nabembelezana na mtumwa wangu!"

Mwalimu alijiziba mdomo. Akatazama madarasani, akatazama ofisi ya mwalimu mkuu. Kisha, wallahi, niliona kitu kikimtoka mabegani.

"Mtumwa nani?" akasema. "Sisi tulikuja na pembe za ndovu, nyie tukawakuta mmekaa chini mnangoja chungwa lianguke lenyewe."

"Mlikuja mkapotea njia ya kurudi! Babu yako alikata mkonge mpaka akasahau kwao ni upande gani!"

"Alibaki kwa huruma. Angeondoka nani angewafanyia kazi? Tazama, hata hicho kiharusi chako kimeupiga upande mmoja tu, kiliona ule mwingine haujawahi kutumika."

Mwalimu mwenyewe aliduwaa kwa alilolisema. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amethubutu kulitaja lile jambo mbele yangu, achilia mbali kulichezea. Nikacheka. Nilicheka mpaka mate yakanichuruzika upande wa kushoto nisijali. Na yeye akacheka, kicheko cha msichana wa kambini, cha kupiga magoti kwa viganja. Walimu wengine walichungulia dirishani. Wacha wachungulie.

"Faini," nikasema nilipopata pumzi. "Umeninyamazishia mama. Nataka jogoo."

"Jogoo kwa Mbondei? Nitakuletea manyoya."

Mama alikuwa bado ameshika ncha ya sweta lake. Macho yalikuwa makubwa, yanatoka kwangu yanakwenda kwa mwalimu, yanarudi.

Kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa imekaribia, nikapewa ruhusa ya kuondoka naye. Ndani ya bajaji alikaa kwa adabu, mkoba mapajani.

"Ticha amekutukana," akasema.

"Sana. Na mimi nimemtukana."

"Hujakasirika?"

"Hatukasirikiani. Ni mtani wangu, kama wewe."

Akafikiri. "Nani atamsimamisha ukutani?"

"Hakuna. Mtu mzima hasimamishwi ukutani."

"Basi nitangoja niwe mtu mzima," akasema, akageuka kutazama barabara. Niliumia sana. Nilidhani nimekwenda kushinda, kumbe nimemwonyesha tu kwamba ruhusa ile ni ya wakubwa. Nyumbani alisalimia, akapanga viatu. Nikakaa kwenye kiti changu. Mke wangu aliuliza mambo yamekwendaje nikamwambia hayakwenda.

Jumamosi, jua limeshapanda, mwalimu akapiga hodi. Alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu jogoo amefungwa miguu, mwembamba, shingo ndefu, amekasirika kunizidi. Sikutegemea kabisa kwamba angekuja. Mke wangu akamtoa jogoo, akamwinua juu, akamzungusha.

"Huyu mmemtembeza kwa miguu kutoka Tabora?"

"Alikuwa mnene, mama. Aliposikia anakuja kwa Wabondei akafunga kula."

Mke wangu, mtu wa kanisani, ambaye majuzi alikuwa ananisihi nisitukane watu, alijifunga kanga vizuri kiunoni kama mtu aliyesikia ngoma yake. Akamkalisha mwalimu kwenye mbuzi ya kukunia nazi. "Haya mtumwa, kuna nazi. Au kwenu mlikuwa mnazitupia nyani?" Mwalimu akakuna. Alikuwa hajui. Nazi inamteleza, chicha inaruka mpaka miguuni pangu. "Unaikuna au unaibembeleza?" Na mimi nikachangia la kwangu pale kibarazani, na yeye hakutuacha hivi hivi, alitujibu wote wawili.

Mama alikuwa amejificha nyuma ya pazia la mlango. Kumwona ticha wake amekaa chini na nazi, anasemwa, anajibu, anacheka, kulimtoa taratibu. Kwanza kidole kimoja cha mguu, kisha mguu, kisha akawa amesimama mbele yake, mikono nyuma.

"Ticha."

"Abee."

"Na wewe ni naughty?"

Mke wangu aliacha kuchochea moto. Mimi nilishika mkongojo kwa mkono mzima. Mwalimu akaweka nazi chini, akajifuta viganja kwenye sketi.

"Sana," alisema. "Tangu nizaliwe. Bibi yangu alikuwa akichoka nami ananifunga kwa kanga mgongoni nisiende kokote."

"Kwa hiyo utatupwa?"

"Nani kasema kuna mtu anatupwa?"

Mama alininyooshea kidole. Mwalimu akanitazama, nami, mwalimu wa maisha yangu yote, nikainamia kandambili zangu.

"Siku ile mimi ndiye niliyekosea," mwalimu akamwambia. "Siyo wewe. Niliogopa, na mtu akiogopa anasema neno lolote linalomjia. Jumatatu nitawaambia na wenzako. Wewe hukufanya kitu kibaya."

"Uliogopa nini?"

"Yule mzee."

"Yule wa vifungo kombo?" Mama alishangaa kweli kweli. "Yule ni mtoto tu! Hakuwa na mtu wa kumvalisha!"

"Ndiyo," mwalimu akasema, sasa machozi yanamlengalenga. "Naona hakuwa na mtu."

Mama akatikisa kichwa, akasikitika kidogo kwa ajili ya yule mkaguzi. Halafu akageuka. Akanitazama mimi kuanzia kandambili mpaka kichwani, polepole, nami nikajikuta nakaa wima. Mikono ikatoka nyuma. Ikapanda kiunoni.

"Na wewe mtoto," akasema. "Mgeni amekuja tangu asubuhi, hata maji ya kunywa hujampa. Umekaa tu hapo umejaa kiti. Ndivyo nilivyokulea?"

Mke wangu alitaka kuja kunishika, nikamkatalia kwa jicho. Niliweka mkono wa kulia kwenye nguzo, nikajisukuma, mguu wa kushoto ukagoma, nikauambia unanisikia lakini, ukaja. Mtungi wa maji uko ndani, pembeni ya mlango wa chumba chetu, na toka kibarazani si karibu kwa mtu kama mimi. Nilikwenda. Mama alikuwa nyuma yangu njia nzima, ananiambia ninaburuza miguu kama mlevi, ananiambia watoto wa wenzake wameshafika zamani, ananiambia nikimwaga hata tone nitakiona, na mimi nilikuwa nalia kwa furaha mbele ya mgeni, kikombe kinatetemeka mkononi, na maji mengi yakamwagika.